"Saini hapa, mama": riwaya ya Ishiguro, mapacha wa China na fomu tusizozisoma

Leo sina habari za Bunge wala za Simba na Yanga. Leo nataka tuongee kuhusu karatasi. Ndiyo, karatasi. Ile unayopewa hospitalini ukiwa umechanganyikiwa, mgonjwa wako analia, na mtu wa koti jeupe anakuonyesha kwa kidole: saini hapa.

Miaka mitano iliyopita nilimsindikiza mama mdogo hospitalini, hospitali gani haina haja kuitaja. Mwanaye ana selimundu. Wakati huo alikuwa na miaka 9, na usiku kucha maumivu ya mifupa yalikuwa yamemkaba, hata kumgusa huwezi. Asubuhi akaja kijana mmoja mstaarabu sana. Akasalimia vizuri, akasema kuna utafiti, watachukua damu kidogo, ni kwa faida ya watoto wetu. Akatoa karatasi nne. Zote za Kiingereza.

Mama mdogo aliishia darasa la saba. Akanigeukia mimi, msomi wa familia, mwenye cheti cha kidato cha nne! Nikasoma mstari wa kwanza, nikasoma wa pili, wa tatu nikakutana na neno ambalo sijawahi kuliona. Nikaruka. Nikakutana na lingine. Nikaruka tena.

"Wanasemaje, mwanangu?"

"Wanataka damu tu, mama."

Akasaini. Ile "tu" yangu inaniuma mpaka leo. Maana sikuwa najua. Nilimtafsiria mama mdogo kitu ambacho mimi mwenyewe sikukielewa, kwa sababu niliona aibu kusema sijui mbele ya yule kijana. Huenda utafiti wenyewe ulikuwa mzuri kabisa, sina sababu ya kumtuhumu mtu. Lakini hadi leo, katika ukoo mzima, hakuna anayejua tulikubali nini siku ile.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya kitabu.

KITABU CHENYEWE

Kinaitwa Never Let Me Go, cha Kazuo Ishiguro. Nilikinunua kwa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mtumba chini pale Posta. Kilitoka mwaka 2005. Mwandishi alizaliwa Nagasaki, Japani, mwaka 1954, akahamia Uingereza na wazazi wake akiwa na miaka mitano. Alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2017, miaka minne kabla ya Abdulrazak Gurnah wetu wa Zanzibar kuipata mwaka 2021. Kuna na filamu yake ya mwaka 2010 kwa wale ndugu zangu wavivu wa kusoma.

Naomba radhi, nitawapasulia siri ya kitabu. Bila hivyo hatuwezi kuongea.

Anayesimulia ni dada mmoja anaitwa Kathy, ana miaka 31. Anakumbuka shule ya bweni aliyosomea, Hailsham, kule Uingereza. Shule nzuri mno. Wanachora, wanaandika mashairi, wanacheza mpira, wanagombana na kupatana kama watoto wa bweni popote duniani. Ila kuna vitu haviko sawa. Hawatembelewi na wazazi. Wanapimwa afya kila mara. Kuvuta sigara kwao ni kosa kubwa kupita kiasi. Na kuna mama mmoja anakuja kuchukua michoro yao bora kabisa, halafu anawaogopa kama watu wanavyoogopa buibui.

Taratibu, unakuja kuelewa. Wale watoto hawana wazazi. Wametengenezwa kwa kunakiliwa kutoka kwa watu wengine, na kazi yao duniani ni moja: wakikua, watolewe viungo. Figo, kisha kingine, kisha kingine. Wengi hawafiki mchango wa nne. Na hata hapo kitabu hakisemi wanakufa. Kinasema "wanakamilisha".

Sasa sikilizeni kilichonitisha. Nilidhani kitabu cha namna hii kitakuwa na daktari kichaa, maabara ya chini ya ardhi, damu ukutani, na shujaa anayeruka ukuta usiku. Hakuna. Hakuna hata mtu mmoja anayekimbia! Milango iko wazi, wanaendesha magari wenyewe, wanakwenda mjini kunywa chai. Na siku ikifika, wanakwenda wenyewe kwa miguu yao.

Kwa nini hawakimbii? Nililala nikiwaza hilo. Jibu nililolipata ni kwamba walilelewa ndani ya maneno laini. Hakuna aliyewaambia "tutawachinja". Waliambiwa "kuchangia", "kuuguza", "kukamilisha". Mwalimu mmoja, Miss Lucy, aliona watoto wanaambiwa nusu nusu, akaamua siku moja kuwaeleza bila kuficha. Haikupita muda akaondoka shuleni. Yaani katika shule nzima, aliyesema ukweli kwa lugha ya kueleweka ndiye hakudumu.

Na watu wa nje? Mwishoni mwalimu mkuu wa zamani anaeleza. Watu walikuwa na wagonjwa wao nyumbani. Mke ana saratani, mtoto ana moyo mbovu. Dawa imepatikana. Nani atakubali kurudi nyuma? Wakaona bora wasiwafikirie kabisa wale vijana, au wajiambie kwamba si watu kamili kama sisi.

Riwaya ni riwaya, mtasema. Sawa. Twende China.

SHENZHEN, 2018

Mwishoni mwa Novemba 2018 mwanasayansi mmoja, He Jiankui, aliyekuwa profesa mshiriki katika chuo kikuu kimoja cha Shenzhen, alijitokeza kwenye video za YouTube akitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wawili wa kike waliobadilishwa jeni wakiwa bado viinitete. Akawapa majina ya kuwaficha, Lulu na Nana. Siku chache baadaye alisimama kwenye mkutano wa kimataifa wa wanasayansi Hong Kong, kamera kibao zikimwelekea, akasema anajivunia alichofanya.

Alitumia mkasi wa kisasa unaoitwa CRISPR. Kwa lugha yetu ya mtaani: jeni ni maelekezo yaliyoandikwa ndani ya kila seli, na CRISPR ni kifaa cha kutafuta neno fulani kwenye hayo maelekezo na kulikata. Kilielezwa kwenye makala ya kisayansi mwaka 2012, na kina mama wawili, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, walipata Nobel ya kemia mwaka 2020 kwa kazi hiyo.

He Jiankui alilenga jeni inayoitwa CCR5. Hiyo jeni hutengeneza kitu kama mlango kwenye seli za damu, na aina nyingi za virusi vya UKIMWI hupitia mlango huo. Kuna watu, hasa wa asili ya Ulaya ya kaskazini, wanaozaliwa mlango huo ukiwa umefungwa. Yeye akataka kuufunga kwa mkasi.

Kwa kusikia tu, ni jambo jema. Nani asiyetaka mtoto asiyeambukizika? Sisi ambao tumezika wajomba na mashangazi katika miaka ile mibaya tungekuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini hebu tufungue faili.

Kwanza, wale watoto hawakuwa wagonjwa. Baba zao ndio walikuwa na VVU, mama zao hawakuwa navyo. Na njia ya kumsaidia baba mwenye VVU kupata mtoto salama ilikuwepo tayari kwa miaka mingi: mbegu zake husafishwa maabara kabla ya kutungisha mimba. Hakukuwa na haja ya kumgusa mtoto jeni hata moja.

Pili, wazazi walifikaje pale? China ilikuwa hairuhusu wenye VVU kupata huduma ya kutungishiwa mimba maabara. Pata picha: unataka mtoto, mlango umefungwa, jamii inakunyooshea kidole. Halafu anatokea profesa anasema njooni, tutawasaidia, gharama juu yetu. Wazee walisema mfa maji haachi kutapatapa. Waliingia wanandoa wanane, baadaye mmoja wao wakajitoa.

Tatu, na hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikavuta pumzi: fomu ya ridhaa waliyosaini iliuita mradi ule "utengenezaji wa chanjo ya UKIMWI". Chanjo! Mzazi gani anaogopa neno chanjo? Tena fomu ilikuwa na kipengele kwamba ukijitoa baada ya hatua fulani unarudisha gharama. Alipobanwa Hong Kong, He alisema aliwaelezea wazazi kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Kubadili ukoo mzima wa mtu, hadi vitukuu, kwa saa moja na dakika kumi. Mechi ya mpira ni ndefu kuliko hiyo.

Nne, mkasi haukukata kama ulivyopangwa. Kwa data alizoonyesha mwenyewe, pacha mmoja alibadilika nakala zote mbili za ile jeni na mwingine moja tu, na mabadiliko yenyewe hayafanani na yale ya asili yanayojulikana kwa Wazungu. Ile kinga iliyoahidiwa haina uhakika. Tena CCR5 haipo pale kwa bahati mbaya. Watu wasio nayo huathirika zaidi wakipata virusi vya homa ya Nile Magharibi. Umefunga mlango mmoja, umefungua dirisha.

Desemba 30, 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu miaka mitatu jela na faini ya yuan milioni 3 kwa kufanya tiba kinyume cha sheria. Wenzake wawili nao walitiwa hatiani. Ilielezwa kwamba nyaraka za kamati ya maadili zilighushiwa, na kwamba watu wengine walitolewa damu badala ya wale akina baba ili vipimo vipite. Kulikuwa pia na mtoto wa tatu. He alitoka jela mwaka 2022 akafungua maabara Beijing. China yenyewe ilibadili sheria yake ya jinai mwaka 2021, ikaweka kosa hilo wazi.

Na mapacha? Wako mahali fulani, wanakua. Wanapimwa, nadhani, kama wale wa Hailsham. Wao hawakusaini chochote.

NDOO NA CHEMCHEMI

Sasa najua kuna mdau ameshaanza kuandika: "Ndiyo maana mimi nasema hizi sayansi za wazungu na wachina tuzikatae!" Ndugu yangu, subiri kidogo. Usiende mbio hivyo.

Kuna tofauti kubwa ambayo watu wengi wanaichanganya. Tuseme kijiji kinakunywa maji ya mto. Unaweza kuchota ndoo yako ukaichuja: maji yale umeyasafisha wewe, kwa matumizi yako, mto uko palepale. Au unaweza kupanda juu hadi kwenye chemchemi ukamwaga kitu. Hapo umewanywesha wote walioko chini, na watakaozaliwa.

Kumrekebisha jeni mgonjwa mwenyewe, kwenye damu yake, ni kuchuja ndoo. Akizaa, mtoto harithi. Kurekebisha kiinitete ni kwenda kwenye chemchemi. He Jiankui alikwenda kwenye chemchemi.

Na ile ya ndoo, wadau, tunaihitaji. Nasema hivyo kama mtu aliyemshika mdogo wake miguu usiku akilia kwa selimundu. Mwalimu wetu wa baiolojia alituchorea ule mraba ubaoni: baba ana nakala moja ya jeni mbovu, mama ana moja, wote wazima wa afya, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Darasani ilikuwa maksi tano za mtihani. Nyumbani kwetu ina jina na ina miguu inayouma. Tanzania inakadiriwa kupata watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, moja ya idadi kubwa kabisa duniani.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayoitwa Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba 8 mwaka huohuo. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, wanazikata kwa CRISPR ili ziamshe tena ile damu ya uchanga ambayo haipindi kama mundu, wanamchoma dawa kali za kuua uboho wa zamani, kisha wanamrudishia seli zake. Wagonjwa wengi waliofanyiwa kwenye majaribio hawakupata tena yale maumivu makali kwa mwaka mzima au zaidi.

Bei yake Marekani: dola milioni 2.2. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Kwa mtoto mmoja.

Hapa kwetu njia iliyopo ni nyingine. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, na anayetoa uboho kwa kawaida ni ndugu yake wa tumbo moja. Ni jambo la kujivunia kabisa. Lakini hata hapo, mtu wa Hailsham ndani yangu anauliza: yule ndugu mdogo anayetoa, miaka saba, nane, ameelezwaje? Kwa maneno gani? Uboho unarudi na mtoaji anapona, siyo figo ya Kathy, na mtoto akielezwa vizuri anaweza kuwa na furaha maisha yake yote kwamba alimwokoa kaka yake. Akiburutwa bila kuelezwa, atakumbuka sindano tu.

DAMU YETU INAKWENDA MBALI

Mnadhani haya ni ya Uingereza na China? Tusogee karibu.

Nairobi, mtaa wa Majengo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wa Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwafuatilia kina dada wanaofanya biashara ya ngono. Wakagundua jambo la ajabu: kikundi kidogo cha wanawake hawakuambukizwa VVU, pamoja na kukutana navyo miaka na miaka. Na siri yao siyo ule mlango wa CCR5 wa Wazungu, maana mabadiliko yale karibu hayapo kabisa kwa Waafrika. Ni kitu kingine katika miili yao. Wanawake wale walitoa damu, na sampuli nyingine, mwaka baada ya mwaka, na dunia nzima ya watafiti wa chanjo ilijifunza kutoka kwao. Walipata matibabu kliniki, hilo lisemwe. Chanjo ya UKIMWI bado haijapatikana. Ila nawaza, siku ikipatikana, nani atakwenda Majengo kubisha hodi na kusema mama, ile damu yako ndiyo hii?

Kusini zaidi, mwaka 2010 ramani kamili za jeni za Waafrika wa kusini zilichapishwa kwenye jarida kubwa la kisayansi. Mmoja wa waliotoa damu alikuwa Askofu Desmond Tutu, Mungu amrehemu. Wengine walikuwa wazee wanne wa jamii ya Wasan kutoka Namibia. Viongozi wa Wasan walikuja juu. Wakasema watafiti walikwenda kwa mzee mmojammoja wakapata ridhaa yake, lakini jeni si mali ya mzee mmoja. Ukisoma ya kwangu umesoma ya mjomba wangu, ya wajukuu zangu, na ya watu ambao hawajazaliwa.

Wadau, hiyo hoja ni nzito. Na hawakuishia kulalamika. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, kwamba ukija kututafiti, hivi ndivyo utakavyotuheshimu: heshima, ukweli, haki na kutujali. Watu ambao vitabu viliwaita wa kale ndio waliowafundisha maprofesa adabu ya kubisha hodi.

INAKOELEKEA

Msidhani baada ya He kufungwa mambo yalitulia. Mwaka 2024 miongozo mipya ya maadili ya utafiti wa afya ya Afrika Kusini ilizua mjadala mkubwa, kwa sababu ilikuwa na sehemu inayozungumzia masharti ya kuhariri jeni za kurithiwa. Wataalamu wengine walisema inafungua mlango, wengine wakasema hapana, sheria za nchi bado zinakataza. Ni Afrika hiyo, siyo mbali.

Mwaka 2025 mtoto mchanga wa Philadelphia, Marekani, alitibiwa kwa dawa ya kuhariri jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, kwa ugonjwa wa ini ambao ungemuua. Hiyo ni ndoo, na mimi nimeipigia makofi. Lakini mwaka huohuo kampuni changa ya San Francisco, Preventive, ilitangaza kukusanya takriban dola milioni 30 kufanya utafiti wa kuhariri viinitete. Hiyo ni chemchemi. Wanasema wataanza na usalama kwanza, hawatakimbilia kumpandikiza mama. Sawa. Ila matajiri hawatoi dola milioni 30 ili wabaki kuangalia.

Na swali langu la mtoto wa uswahilini ni hili: siku wakihitaji kujaribu kwa watu, watawatafuta wapi? Watamfuata bilionea mwenye wakili wake, au mtu aliyefungiwa mlango mwingine wote, kama wale wanandoa wa China?

SASA TUFANYEJE?

Sina digrii, kwa hiyo sitajifanya kutunga sheria. Tanzania ina utaratibu: utafiti wa afya kwa binadamu unatakiwa upate kibali cha maadili, na NIMR ndiyo mhusika mkuu kitaifa. Hata He alikuwa na karatasi yenye mihuri, lakini ya kughushi. Kwa hiyo muhuri peke yake hautoshi, mwenye mwili naye awe macho. Mimi nimejiandikia maswali matano kwenye simu, na nimemfundisha mama mdogo. Ayaulize kabla kalamu haijagusa karatasi:

1. Hii ni tiba ya mwanangu, au ni utafiti? Ni vitu viwili tofauti, na mtafiti mwaminifu hataudhika ukimuuliza.

2. Damu hii inakwenda wapi, inakaa miaka mingapi, na nani mwingine ataitumia?

3. Mtasoma jeni? Mkikuta jambo linalohusu ukoo wetu, mtatuambia?

4. Nikikataa leo, au nikijitoa kesho, mwanangu ataendelea kutibiwa vilevile? Kuna faini?

5. Niandikie kwa Kiswahili. Kama hakuna fomu ya Kiswahili, nielezee mpaka mimi nikueleze wewe na useme ndiyo, umeelewa.

Hilo la tano ndilo kubwa. Wapo watakaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Hapana jamani. Jeni, kiinitete, uboho, ridhaa, selimundu, yote yapo. Na pale neno linapokosekana kabisa, huwa kuna mfano. Ndoo na chemchemi vimenigharimu nini? Kama huwezi kunieleza unachotaka kunifanyia kwa lugha ninayoota nayo usiku, basi tatizo siyo ujinga wangu.

Watafiti wema msinielewe vibaya. Bila nyie mdogo wangu hana tumaini. Daktari bora aliyewahi kutuhudumia ni yule aliyevuta kiti, akachora seli nyuma ya bahasha, mviringo moja na mundu moja, akamwambia mama mdogo "hii inapita kwenye mshipa, hii inanasa". Dakika tano. Mama mdogo anawaelezea majirani mpaka leo.

Mwezi uliopita tulirudi kliniki, mimi na yule dogo. Sasa ana miaka 14, kidato cha pili, ndevu anazitafuta kwa tochi. Akaja dada mmoja na karatasi, utafiti mwingine, mstaarabu vilevile. Nikashika kalamu kwa mazoea, mkono ukaanza kwenda. Dogo akanishika kiwiko.

"Kaka, imeandikwa nini?"

Nikamwambia sijui. Safari hii nilisema hivyo, sijui, mbele ya yule dada. Akacheka kidogo, akavuta kiti, tukaanza ukurasa wa kwanza. Tulitumia karibu saa nzima, foleni ikanung'unika nyuma yetu. Kipengele kimoja, kile cha kupeleka sampuli nje ya nchi, dogo alikikataa. Dada akaweka alama ya hapana, akasema ni haki yake. Kingine chote alikubali. Akasaini yeye jina lake pale pa mtoto, kwa mwandiko mbaya kweli, halafu mama mdogo alipofika akasomewa upya na yeye akasaini chini yake.

Naomba kuwasilisha. Wadau mlio kwenye sekta ya afya, nisahihisheni nilipokosea. Na wewe ambaye uliwahi kusaini bila kujua, tuambie hapo chini uliambiwa nini. Tukutane kwenye maoni.